Meli za wakubwa, jela ya mdogo

Januari 2011 Jack Lang, Mfaransa aliyekuwa mshauri wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuhusu uharamia wa Somalia, aliwasilisha ripoti mbele ya Baraza la Usalama. Ndani yake mlikuwa na hesabu ya kuwatia haya wenye manowari wote: zaidi ya asilimia 90 ya maharamia waliokamatwa baharini waliachiwa bila kufikishwa mahakamani. Na wakati huo bahari yetu haikuwa na upungufu wa vyombo vya vita. Umoja wa Ulaya ulikuwa na Operesheni Atalanta tangu Desemba 2008, NATO ilikuwa na Ocean Shield, Marekani na washirika wake walikuwa na kikosi kazi namba 151 kinachoongozwa kutoka Bahrain, na Wahindi, Wachina na Warusi walikuja kila mmoja kwa nafasi yake. Mizinga ilikuwepo, helikopta zilikuwepo. Iliyokosekana ni nchi ya kumpokea mtu aliyekwisha kukamatwa.

Nchi iliyojitokeza ni Ushelisheli. Tuipime kwa kipimo cha hapa kwetu Zanzibar: raia wake wakati ule walikuwa kama 90,000, yaani hawafikii watu wa Mkoa wa Kusini Unguja peke yake. Nchi kavu yao haifiki kilomita za mraba 500. Lakini bahari wanayopaswa kuilinda inapita kilomita za mraba milioni 1.3, na uchumi wote umekaa juu ya maji hayo, kwa samaki wa jodari na watalii. Jeshi lao zima ni la watu mia kadhaa. Nchi kama hiyo ikiulizwa itachangia nini katika operesheni ya mataifa makubwa, wengi wetu tungejibu: salamu.

Kijeshi walichangia kidogo, lakini si cha kudharauliwa. Chombo chao kikubwa wakati huo kilikuwa Topaz, boti ya doria ya meta 46 waliyopewa na India mwaka 2005. Mwisho wa Machi 2010 Topaz iliikuta dhau ya Kiirani iliyotekwa na kugeuzwa meli mama, yaani chombo ambacho maharamia hukitumia kama kituo cha kutokea kushambulia mbali na pwani, ikiwa na mateka ndani. Nahodha wa nchi yenye boti moja tu kubwa angeweza kusubiri manowari za wenzake. Topaz ilipiga mashine ya ile dhau, dhau ikashika moto, watu wakajirusha majini, na mateka 27 wakaokolewa: Wairani 21 na Washelisheli 6. Njiani kurudi ikashambuliwa na kundi jingine, ikajibu. Kwa kikosi cha ukubwa ule hiyo ni kazi ya kweli.

Hata hivyo, Topaz ingeweza kuzama kesho yake na Atalanta isingetikisika. Mchango ambao wengine wote hawakuwa nao, au hawakutaka kuutoa, ulikuwa mahakama na jela. Nasisitiza hili kwa sababu mijadala yetu ya ulinzi wa bahari, Unguja na Pemba, huanzia kwenye boti na kuishia kwenye boti: ngapi, za kasi gani, kaleta nani. Boti inamfikisha mtuhumiwa gatini tu. Baada ya hapo boti haina kazi.

Kenya ndiyo iliyotangulia kulibeba zigo hili. Kati ya Desemba 2008 na Machi 2009 ilikubaliana na Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya kuwapokea watuhumiwa, na mahabusu wa Kisomali wakajaa jela ya Shimo la Tewa, Mombasa. Mwaka 2010 Kenya ikavunja makubaliano, ikilalamika kwamba inaachiwa mzigo peke yake. Novemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu ya makosa yaliyotendwa nje ya maji yake. Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo Oktoba 2012, lakini kwa takriban miaka miwili makamanda wa manowari walikuwa wakijiuliza wampeleke wapi mtu waliyemfunga pingu asubuhi.

Ushelisheli ililijua tatizo la mamlaka kabla halijaiangukia. Kanuni yao ya adhabu ilikuwa ya 1955, urithi wa Mwingereza, na kifungu cha uharamia kilikuwa cha maneno machache yasiyofika mbali. Machi 2010 walikiandika upya kifungu cha 65. Yeyote atakayetenda uharamia, ndani ya Ushelisheli "au mahali pengine popote", ana kosa, na adhabu ni hadi miaka 30 jela na faini ya rupia milioni moja. Wakaingiza tafsiri ya uharamia kama ilivyo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, na wakaigusa pia hatua ya maandalizi, yaani chombo kilichotayarishwa kwa uharamia kabla hakijashambulia. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye akili. Manowari nyingi hazimkuti haramia akipanda meli. Zinamkuta amekaa kwenye boti maili mia nne kutoka pwani, akisema anavua.

Tuingie sasa kwenye ushahidi, maana hapa ndipo kesi hufa, na wanasiasa wachache hupapenda.

Mtu anayedai kuwa mvuvi hupimwa kwa vitu alivyo navyo na vile asivyo navyo. Boti ya futi ishirini na kitu yenye mashine mbili kubwa, mapipa ya mafuta ya kutosha siku nyingi, ngazi ndefu yenye kulabu, GPS, simu ya setilaiti, watu wanane, na hakuna wavu, hakuna mshipi, hakuna barafu, hakuna hata utumbo wa samaki. Mvuvi wa Mkokotoni au wa Tumbe akionyeshwa picha hiyo hahitaji kuelezwa. Hakimu lakini hawezi kuhukumu kwa picha iliyomo kichwani mwa askari. Silaha hutupwa majini mara helikopta inaposikika, kwa hiyo kamera ya helikopta inapaswa iwe inarekodi tangu chombo kinapoonekana, ikiwa na saa na mahali. Ngazi nayo hutupwa, lakini huelea. Aiokote nani, aifunge lebo gani, aikabidhi kwa nani, na sahihi iko wapi? Huo ndio mnyororo wa utunzaji wa kielelezo. Ukikatika mahali pamoja, wakili wa utetezi ana kazi rahisi.

Boti yenyewe mara nyingi haiwezi kuvutwa mpaka bandarini. Manowari huichoma au kuizamisha ili isitumike tena. Hapo makamanda wa mwanzo walikosea sana: walizamisha kielelezo kikuu kabla ya kukipima. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu, UNODC, ikalazimika kuwaandikia wanamaji mwongozo wa makabidhiano: piga picha pande zote, pima urefu, andika namba za mashine, chukua sampuli, orodhesha kila kitu, na kila askari aliyegusa kitu aandike maelezo yake mwenyewe kabla hajaenda likizo. Wanamaji hubadilishwa kila miezi michache. Aliyeshuhudia leo, kesi ikitajwa, yuko kwenye kituo cha wanamaji kwao, Rota au Brest au Norfolk. Ama aletwe kwa ndege, ama mahakama iwe na uwezo wa kusikiliza ushahidi kwa video, na sheria iruhusu.

Kuna saa nayo. Katiba ya Ushelisheli inataka aliyekamatwa afikishwe mbele ya mahakama ndani ya saa 24 au, umbali ukizuia, mapema iwezekanavyo. Baharini hizo saa 24 zinaisha hata ncha ya kisiwa haijaonekana. Nani anathibitisha kwamba meli ilikuja moja kwa moja, haikuzunguka siku tatu ikisubiri kibali kutoka Brussels? Kitabu cha safari cha meli, basi nacho ni kielelezo. Kisha umri: kijana hana cheti cha kuzaliwa, anasema ana miaka kumi na tano, na kipimo cha mifupa kinatoa makadirio tu. Kisha mkalimani. Bila mkalimani wa Kisomali aliyeapishwa hata kusoma shitaka hakuwezekani, na mkalimani huyo si rahisi kumpata Victoria, mji mkuu wao.

Ushelisheli haikuwa na watu wa kutosha kwa haya yote. Haikujificha. Ilichukua waendesha mashtaka wa kuazimwa kutoka Uingereza, na kwenye benchi ilikuwa na Waganda wawili: Jaji Mkuu Fredrick Egonda-Ntende na Jaji Duncan Gaswaga. Ni Gaswaga aliyesikiliza kesi ya kwanza, ya watu 11 waliomshambulia Topaz mwenyewe Desemba 2009. Julai 2010 wakahukumiwa miaka 10 kila mmoja. Kutoka shambulio hadi hukumu miezi isiyofika minane! Anayezijua foleni za mahakama zetu aisome tena sentensi hiyo. Kwa miaka michache iliyofuata, Wasomali zaidi ya mia moja walipitia mahakama hiyo.

Jela ilikuwa moja, Montagne Posée, juu ya mlima wa Mahé, kisiwa chao kikuu. UNODC ilijenga humo sehemu mpya yenye ulinzi mkali. Bado wafungwa walikuwa wengi mno kwa nchi ile. Mwaka 2014 Ushelisheli ilihesabiwa kuwa na wafungwa zaidi ya 800 kwa kila watu 100,000, kiwango kilichoipita hata Marekani, na ingawa tatizo lao kubwa lilikuwa heroini ya nyumbani, maharamia walikuwa sehemu ya hesabu hiyo. Gharama hii haikuonekana kwenye picha za makabidhiano ya meli.

Kilichowaokoa ni sharti waliloliweka tangu mapema: tutahukumu, hatutafuga. Walikubaliana na Somaliland na Puntland kwamba wafungwa, baada ya hukumu, warudishwe kutumikia vifungo kwao, katika jela zilizokarabatiwa kwa fedha za wafadhili. Kundi la kwanza, watu 17, lilipelekwa Hargeisa Machi 2012. Na hawakupokea kila anayeletwa. Kila kesi ilitazamwa peke yake: ushahidi ukiwa dhaifu, manowari iliambiwa hapana. Kwa maoni yangu hiyo "hapana" ndiyo iliyowapa heshima. Nchi ndogo isiyoweza kukataa haichangii, inatumiwa.

Kutumiwa nako kulikuwepo. India iliongeza ndege ya doria aina ya Dornier mwaka 2013, na Umoja wa Falme za Kiarabu ulitoa boti na kujenga kituo cha walinzi wa pwani Île Perseverance. Marekani ilileta ndege zisizo na rubani aina ya Reaper kwenye uwanja wa ndege wa Mahé tangu 2009, kwa jina la kufuatilia maharamia. Moja ilianguka pale pale uwanjani Desemba 2011, nyingine Aprili 2012. Magazeti ya Marekani yalipofichua kwamba zilihusishwa pia na operesheni juu ya Somalia, Washelisheli walijifunza kwamba anayekodisha kiwanja hachagui safari. Ndiyo maana India ilipotaka kujenga kituo kwenye kisiwa cha Assumption, kwa mkataba wa 2015 uliorekebishwa Januari 2018, umma ukapinga na bunge halikuuridhia.

Matokeo kwa ujumla yanajulikana. Ofisi ya kimataifa ya kufuatilia uharamia ilihesabu mashambulio 237 ya Wasomali mwaka 2011, 75 mwaka 2012, na 15 mwaka 2013. Sifa nyingi ziende kwa walinzi wenye silaha ndani ya meli za biashara na kwa doria. Mahakama haikusimamisha uharamia peke yake, lakini bila yake doria ilikuwa mchezo wa kumkamata mtu, kumlisha, kumpa mafuta na kumrudisha ufukweni kwao. Na haijaisha: baada ya meli Ruen kutekwa Desemba 2023, mwezi uliofuata walinzi wa Ushelisheli walikomboa boti ya wavuvi wa Sri Lanka na kuwakamata maharamia watatu.

Sisi je?

Wazanzibari wanachangia operesheni za kimataifa tayari, na wanachangia kwa roho zao. Shambulio la Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017 liliua walinda amani wa Tanzania 15, na baadhi yao walizikwa hapa visiwani. Lakini hao walikwenda kama askari wa JWTZ. Ulinzi, polisi na mambo ya nje ni ya Muungano, na hakuna anayetaka Zanzibar iwe na msafara wake. Ninazungumzia taasisi ambazo si za Muungano, kwa sababu ndizo hasa zinazofanana na zile zilizoipa Ushelisheli jina.

Chora njia ya kesi. Boti ya KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, kutoka Kibweni inakamata chombo mashariki ya Pemba. KMKM ni ya SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Upelelezi unashikwa na Polisi, ambayo ni ya Muungano. Hati ya mashtaka inatoka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar. Kesi inasikilizwa na Mahakama Kuu ya Zanzibar, mfungwa anapelekwa Chuo cha Mafunzo, ndiyo jela yetu, na rufaa inakwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Makabidhiano matano, kutoka serikali hii kwenda ile na kurudi. Kila makabidhiano ni karatasi, sahihi na lebo, na kila moja ni mahali ambapo kielelezo kinaweza kulala usiku bila mwenyewe. Ushelisheli walikuwa na serikali moja na bado ilibidi wafundishwe.

Kuna la sheria pia. Tanzania ilirekebisha Kanuni ya Adhabu mwaka 2010 ili mahakama zifikie uharamia wa bahari kuu, na Oktoba 2011 wanamaji wetu waliwakamata watu saba walioishambulia meli ya kuchimba Ocean Rig Poseidon. Aprili 2014 Tanzania ikatia saini na Umoja wa Ulaya mkataba wa kupokea watuhumiwa wa uharamia. Vizuri. Lakini Kanuni ile ni ya Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, inayotungwa na Baraza la Wawakilishi Chukwani, na kilichorekebishwa na Bunge Dodoma hakivuki bahari chenyewe. Mkataba unatiwa saini na Wizara ya Mambo ya Nje, huku chumba cha mahabusu, mwendesha mashtaka na hakimu wanaweza kuwa wa serikali ambayo haikukaa mezani. Kabla ya kununua boti nyingine, wanasheria wa pande mbili wavisome vifungu hivyo pamoja, neno kwa neno. Ni kazi ya meza moja na wiki kadhaa, haina sherehe ya uzinduzi, labda ndiyo maana inachelewa.

Na kesi zitakazokuja hapa si za uharamia zaidi. Ni za heroini. Majahazi hutoka pwani ya Makran, ya Iran na Pakistan, hushuka na upepo wa kaskazi, hukaa nje ya maji ya nchi yoyote na kushusha mzigo kwenye boti ndogo. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi moja katika maji ya Afrika Mashariki. Mzigo ukaharibiwa. Kwa meli za kikosi cha Bahrain ndivyo ilivyo kawaida: dawa zinamwagwa baharini, mabaharia wanaachiwa na jahazi lao. Ni ile asilimia 90 ya Jack Lang kwa sura nyingine. Sheria ya bahari inaruhusu kupanda chombo kisicho na bendera, lakini haisemi wazi nani amshitaki aliyemo, na nchi za manowari hizo haziko tayari kumsafirisha Mbulushi mpaka Sydney.

Kosa la kisheria hapa lina bei inayojulikana. Mwaka 2002 Wafaransa waliikamata meli Winner karibu na Kepuvede kwa tuhuma za dawa za kulevya, wakaivuta siku 13 mpaka Brest huku mabaharia wakiwa chini ya ulinzi. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema kuwazuia vile hakukuwa na msingi wa sheria ulio wazi. Makubaliano yaliyofanywa kwa barua ya kibalozi hayakutosha. Anayefikiri Zanzibar ipokee watu kwa simu kutoka Bahrain aikumbuke Brest.

Kama tutaamua kuchangia, vya kuanzia ni vidogo na vya bei nafuu kuliko mashine moja ya boti ya doria. Fomu moja ya makabidhiano inayotambuliwa na KMKM, Polisi na ofisi ya Mashtaka. Ghala la vielelezo lenye msimamizi mmoja na daftari moja. Mizani iliyothibitishwa, kwa sababu kilo zikitofautiana kati ya gatini na maabara, hata gramu kadhaa, kesi inayumba. Kanuni za ushahidi kwa video, pamoja na fundi atakayehakikisha mtandao haukatiki saa nne asubuhi. Wakalimani wa Kibulushi, Kifarsi na Kisomali waliopimwa na kuapishwa kabla ya kuhitajika. Wabulushi walifika hapa zamani na majeshi ya Masultani, na wajukuu wao wapo, lakini ukoo si ukalimani.

Na idadi. Chuo cha Mafunzo kiseme kinaweza kuchukua wageni wangapi, na idadi hiyo iandikwe ndani ya mkataba wenyewe, pamoja na nchi itakayowapokea baada ya hukumu na nani anayelipa nauli. Pia iandikwe atakwenda wapi atakayeachiwa huru, maana mahakama ya kweli huwaachia wengine. Mtu wa Makran aliyeshinda kesi Mahakama Kuu, Tunguu, asiye na pasi wala jahazi, ni wa nani jioni hiyo? Mkataba wa 2014 ni wa uharamia, hauna jibu lake. Mkataba wa heroini utakapoanza kujadiliwa, Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar na mkuu wa Mafunzo waitwe tangu rasimu ya kwanza, si siku ya kupiga picha.